Komite ya Usingizi

Afishi mbaya naijua hata nikiwa ng'ambo ya barabara. Ina picha sita za wahubiri, rangi nne zinazogombana, na ukitafuta saa ya mkutano huioni mpaka upinde shingo. Kuta za Goma zimejaa afishi za namna hiyo, moja juu ya nyingine, na kila nikipita nazisonya. Watu wa Keshero, mtaa wetu, wakiniona nasonya ukuta hufikiri nina matatizo. Ninayo, lakini si hayo.

Jina langu ni Bénie. Kule Kiwanja, mji mdogo wa kwetu, kabla hatujakimbia, kuandika afishi na vibao ndiyo ilikuwa kazi yangu. Niliandika kwa brashi: mechi za mpira, harusi, sikukuu za parokia, mnada wa mbuzi, vinyozi, maduka ya dawa. Mtu akitaka jambo lake lijulikane mpaka Rutshuru, alikuja kwangu. Kisha vita vikafika. Nikampandisha baba yangu, muzee Kambere, ambaye nyonga yake imekataa kutembea tangu zamani, juu ya lori la makabichi, nikapakia godoro na brashi zangu, tukashuka Goma.

Wenzetu wengi waliishia kwenye mahema, juu ya makoro, yale mawe makali ya volkano ambayo hata mbuzi huyakanyaga kwa kufikiri. Sisi Mungu alitupa Mama Victoire. Alikuwa mjane, mtu wa milima ya Masisi aliyehamia Keshero miaka mingi iliyopita, na aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mbele ya nyumba yake ya mbao. Alimwona baba ameketi juu ya godoro kando ya barabara, akauliza anaumwa nini, na kabla sijamaliza kujibu alikuwa amekwisha kushika ncha moja ya godoro. Akatupa chumba cha nyuma. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini yeye hakuomba kodi wala jembe. Nilichota maji, nilifagia, basi. Tulikaa pale kwa moyo wake tu, na nilijua kwamba siku moyo huo ukichoka, kinachofuata ni hema, na nyonga ya baba isingestahimili hema.

Kazi sikupata. Goma ina waandishi wake wa vibao, tena ina mashine za kuchapa, na hakuna aliyekuwa akimngoja mwanamke wa Kiwanja na brashi zake. Nikawa nafua nguo za watu. Lakini niliona mkono unaanza kusahau. Siku moja nilijaribu kuchora herufi S kwa mkaa juu ya ubao, ikatoka imelewa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mizinga, na hapo sitii chumvi.

Ndipo nikaanza mchezo wangu. Kila alasiri, nguo zikiwa kambani, nilitengeneza afishi ya shughuli ambayo haipo. Karatasi nilipewa na Mama Victoire. Alikuwa akinunua mifuko mitupu ya simenti, anaichana, tabaka la nje lenye vumbi analitupa, la ndani lililo safi analikunjua na kulipanga ili kufungia sambaza za wateja. "Kamata yenye unataka," aliniambia, "samaki hawasomake." Rangi alinipa fundi mmoja wa milango, mabaki ya chini ya makopo.

Nilikuwa na sheria zangu. Hata shughuli ya uongo lazima iwe na mahali, siku, saa, na mhusika, yaani mtu wa kuulizwa. Tangazo lisilo na mhusika ni uvumi, na uvumi katika mji wa vita unaua watu kweli kweli. Majina ya kubuni sikuyataka, yananuka ubuni. Nilichukua ya watu niliowajua. Nilifanya Mkutano Mkuu wa Akina Kambere Wote, kwa kuwa kwetu Wanande mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi huitwa hivyo, na ajenda ilikuwa moja tu: wazaliwa wa kwanza wapumzishwe na shida za wadogo zao. Mhusika: baba yangu. Aliisoma akacheka mpaka akashika nyonga. Nilifanya Siku ya Kurudisha Sufuria Zilizoazimwa, kila mtu alete ya mwenzake, hakuna kuulizana. Nilifanya mashindano ya mbuzi wasioogopa honi. Nikimaliza nazikunja naziweka chini ya godoro. Sikubandika hata moja, maana sikuzifanya kwa ajili ya ukuta. Kwa muda ule wa brashi nilikuwa tena mtu wa Kiwanja mwenye kazi yake, na nilikuwa na furaha, nasema wazi.

Majira yale ya mvua mizinga ililia upande wa Sake karibu kila usiku. Ilikuwa mbali, lakini mbao za nyumba zilitetemeka, na asubuhi barabara yetu nzima iliamka na macho mekundu. Kinyozi alimkata mteja sikio. Walimu walisinzia darasani, na wanafunzi, ambao nao walikuwa hoi, wakawaacha. Watu waligombana kwa ajili ya ndoo, kwa ajili ya kivuli, kwa ajili ya salamu iliyochelewa. Nami siko nyuma katika kugombana, nilishindana nao vizuri.

Aliyelala vibaya kuliko wote alikuwa Mama Victoire, ila hakuna aliyejua. Alikuwa na mtoto wa kiume, Darius, kitindamimba wake, dereva wa pikipiki. Kabla sisi hatujafika, Darius alipata abiria wa Masisi mwenye mzigo, akampakia, akaenda, na vita vikafunga njia nyuma yake. Hakurudi, na simu yake haikuita tena. Ungemwuliza mama yake habari mchana, angekujibu huku anapima samaki: "Darius iko muzima. Nilisha muacha mu mikono ya Mungu. Mi ninalala vizuri." Barabara nzima ilimheshimu kwa jibu hilo. Wanawake wengine waliopotelewa na watoto waliletwa kwake ili wajifunze utulivu.

Lakini kati ya chumba chake na chetu kulikuwa na ukuta wa mbao tu, na mimi nilisikia kiti. Kila usiku alikivuta mpaka kwenye mlango wa mbele, akakaa. Komeo hakulitia, ili anayekuja asihitaji kubisha. Alikaa hivyo mpaka jogoo, kisha anakirudisha kiti mahali pake, anafunga kitambaa chake kichwani, anatoka kuuza sambaza na kusema kwamba amelala vizuri. Sikumwambia mtu. Hata na baba hatukulizungumza, ingawa najua naye alisikia. Nilimwonea huruma mpaka huruma ikageuka hasira, na hasira yangu ikikosa mtu wa kumgombeza huenda kwenye brashi.

Basi Ijumaa moja nikaandika hivi:

SIKU KUBWA YA KULALA
Lundi, toka asubuhi mpaka jua kuzama
Mahali: kila mutu abakie kwake
Duka zote zifungwe. Moto zote zizimwe. Chukudu zote zilazwe chini.
Kiingilio: macho mazito
Mhusika: Mama Victoire, Présidente wa Komite ya Usingizi

Ilikuwa kazi nzuri. Sikuzisahau hata moto, ndivyo tunavyoita pikipiki, wala chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Neno KULALA niliinamisha herufi zake kidogo, taratibu, mpaka A ya mwisho ilikuwa karibu kugusa ukingo wa karatasi. Hewa ilikuwa na unyevu, rangi haikukauka haraka, nikaiweka barazani juu ya rundo la karatasi za Mama Victoire, pembeni, ipate upepo. Mvua ikaanza, nikakimbilia nguo za watu kambani. Niliporudi giza lilikuwa limeingia, umeme hakuna, na afishi haikuwapo. Nilidhani upepo umeipeleka ziwani. Nikasikitika kidogo, nikalala.

Kumbe Mama Victoire alikuwa amepata mteja wa mwisho. Aliokota karatasi ya juu gizani, bila kuiona rangi, akamwaga sambaza, akakunja, akampa mtu. Na kati ya walaji wote wa sambaza wa Keshero, mtu huyo alikuwa Papa Sikuli, chef, yaani mkuu, wa barabara yetu.

Papa Sikuli alikuwa mwembamba, na kalamu zake zilipangwa kwenye mfuko wa shati kwa urefu. Hakuwa mtu mbaya. Ila aliogopa karatasi, na alikuwa na sababu: jimbo lilikuwa chini ya amri ya kijeshi, na kila barabara ilitakiwa iwe na mtu wa kuulizwa. Kwetu mtu huyo alikuwa yeye. Alikuja Jumamosi mchana. Mama Victoire yuko nyuma ya sinia lake, mimi naosha ndoo. Chini ya kwapa alibana mfuko wa plastiki.

"Jambo, Mama Victoire."

"Jambo sana, papa chef. Sambaza ilikuwa mubaya?"

"Sambaza ilikuwa muzuri. Karatasi yake ndiyo iko mubaya."

Akaitoa. Ilikuwa na mafuta na magamba, lakini herufi zangu zilisimama vizuri, hazikuchuruzika hata moja, na nakiri kwamba hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona. Akaisoma kwa sauti ya chini, huku anatazama barabara. "'Lundi. Duka zote zifungwe. Moto zote zizimwe. Kila mutu abakie kwake.' Mama, hiki kitu tunakiitaka namna gani?"

"Mi sijue, papa chef."

"Kinaitwaka ville morte."

Ndoo ikaniponyoka. Kwa asiyejua: ville morte ni siku ambayo watu wenye hasira na serikali huuambia mji ufunge maduka, usimamishe pikipiki, ubaki nyumbani. Huwa siku ya kazi, mara nyingi Jumatatu, ndiyo lundi. Matangazo yake hupita kwa siri, kwenye vipande vya karatasi, na anayekamatwa navyo huulizwa maswali kwa muda mrefu. Mtu yeyote wa Goma angeisoma afishi yangu akaelewa hivyo hivyo. Mimi tu, kwa sababu niliiandika nikiwa nafikiria mito na mablanketi, sikuelewa. Mwandishi wa matangazo miaka yote hiyo, nimeandika ville morte bila kujua!

"Na huku chini," Papa Sikuli akaendelea, "'Mama Victoire, Présidente wa Komite ya Usingizi.' Usingizi, mama. Iyo ni code ya nini?"

Mama Victoire alinigeukia polepole. Nikapiga hatua mbele nikiwa na povu la sabuni mpaka viwiko.

"Si code, papa chef. Usingizi ni usingizi. Ni miye niliandika. Mama hajue kitu."

"Wewe? Na iyi moto yenye unaandika hapa, ni moto ya kupanda ao ni moto ya kuchoma pneu za gari?"

"Ya kupanda! Niliandika zizimwe, papa chef. Sikuandika ziwashwe."

Akaona hoja ina uzito, akasonga kwenye nyingine. "Bon. Iyi activité itafanyikia wapi?"

"Haitafanyika."

"Ilikatazwa?"

"Hapana. Haiko. Haikukuwa hata siku moja."

"Activité yenye haiko inatafuta afishi ya nini?"

Ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza, na swali lilikuwa la haki kabisa. Ndipo sauti ya baba ikatoka chumba cha nyuma, imekasirika na kuchoka: "Bénie, leta zingine! Umuonyeshe chef wazimu yako yote, atuachie!"

Nikaenda kuzitoa chini ya godoro. Nasema kweli, ningependa zaidi kuleta nguo zangu za ndani. Papa Sikuli aliketi kwenye ndoo niliyoigeuza, akazifungua moja moja juu ya magoti, na kila moja aliikagua kama anavyokagua vitambulisho: mahali, siku, saa, mhusika. Kwenye mashindano ya mbuzi alikunja uso akauliza kama daktari wa mifugo alipewa taarifa. Kwenye Mkutano wa Akina Kambere alisoma ajenda mara mbili, kisha akasema polepole kwamba hata yeye ni mzaliwa wa kwanza. Kwenye ile ya sufuria alikawia.

"Na hii, ilifanyika?"

"Hapana, papa chef."

"Ni pole. Mama ya batoto yangu angeenda."

Nilianza kupumua. Lakini aliichukua tena ile ya sambaza, akaiweka juu ya zote, na sauti yake ikashuka.

"Nakubali uko artiste. Lakini kitu kimoja hakiniingie. Bamama bako bengi ku avenue hii. Juu ya nini uliweka huyu? Mama mwenye mutoto wake alikamata njia ya Masisi na hakurudia. Batu banasema Darius iko mu pori na bunduki. Leo mama yake anafungisha duka za batu. Nikifikisha hii karatasi ku bureau, watasoma ivyo. Na mama atabebwa."

"Darius ni motard," Mama Victoire akasema. Hakupandisha sauti. "Alipeleka mutu na muzigo wake."

"Mi najua, mama. Karatasi haijue." Akanitazama. "Kama kuko sababu, uniambie sasa. Kama haiko, mi nitapeleka, sababu nikificha na ikajulikana, ni miye nitaulizwa."

Nilielewa yote kwa mara moja. Ningeweza kusema jina lilitoka tu, kwa bahati. Asingeamini, na Mama Victoire angebebwa kwa ajili ya mchezo wangu. Au ningeweza kusema ukweli, na ukweli ule haukuwa wangu. Alikuwa ameuficha usiku na mchana, akauvalisha kitambaa kichwani, watu wakamheshimu kwa utulivu wake. Nikiutoa pale barabarani, mbele ya chef na majirani waliokwisha kuanza kupunguza mwendo ili wasikie, atanisamehe vipi? Angetutoa, na haki angekuwa nayo. Nilimfikiria baba juu ya makoro. Kisha nikamtazama Mama Victoire, vidole vyake vinapanga sambaza ambazo zilikuwa zimepangika tayari, nikasema.

"Nilimuweka juu halalake."

"Nani halalake?"

"Mama. Kila usiku anaikalaka ku kiti nyuma ya mulango, anangojea mutoto. Mulango hafungake. Anakaa mupaka jogoo. Nilijiambia, kama kungekuwa siku moja ya kulala mu Goma yote, wa kwanza mwenye inamufaa ni yeye. Ndiyo nikamupa komite."

Mwanamke mmoja wa nyumba ya tatu, aliyewahi kuletwa pale kujifunza utulivu, alisimama na beseni lake kichwani na kuweka mkono mdomoni.

"Nani alikuambia?" Mama Victoire akaniuliza.

"Mbao, mama."

Akafunika sinia la samaki kwa kitambaa, akalinyanyua, akaingia ndani. Mlango ukafungwa bila kishindo. Ningefurahi zaidi angeubamiza.

Papa Sikuli akaichana ile afishi, vipande vidogo vidogo, akavitia kwenye jiko la mkaa la jirani. "Kama ungeandika dimanche, siku ya misa," akanong'ona, "hakuna mutu angesema kitu."

"Dimanche hakuna mwenye analalaka Goma, papa chef. Ma baffle ya makanisa yanaanza mbele ya jogoo."

Akacheka bila kutaka, maana nyumba yake imepakana na kanisa lenye vipaza sauti vinne. Akainuka, akajipangusa. Afishi ya sufuria aliikunja akaitia ndani ya shati, akasema anaipeleka kwake nyumbani, na kwamba siku ile hakuona afishi nyingine yoyote.

Maji yakimwagika hayazoleki. Jioni ile Mama Victoire hakuniita kula. Jumapili alikwenda misa peke yake, akarudi, akapita mbele yangu kama mimi ni hewa. Usiku sikusikia kiti. Nilitega sikio kwenye mbao mpaka likauma: hakuna kiti, hakuna kitanda, hakuna kitu, yaani alikuwa amesimama mahali fulani gizani kwa sababu yangu, ili nisisikie. Kumwibia mtu hata kiti chake cha kungojea! Nililia, na baba akanisikia akaniacha nilie.

Alfajiri ya Jumatatu nilianza kukunja nguo zetu.

"Unafanya nini?" baba akauliza.

"Najitayarisha, papa. Mbele ya mama kutufukuza."

"Mugeni hajifukuzake," akasema. "Ni dharau. Muache mwenye nyumba afanye kazi yake." Lakini naye alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

Mbao zikagongwa upande wa pili, kwa kiganja. "Bénie. Toka."

Nikatoka. Mama Victoire alikuwa mlangoni mbele, kichwa wazi, nywele nyeupe kuliko nilivyodhani, amejifunga kitenge cha kulalia. Sinia la samaki halikuwa nje. Kiti kilikuwa nje, kizingitini, mchana kweupe, kila apitaye anakiona. Uso wake ulikuwa umevimba. Nilipiga magoti ili niombe radhi, akanizuia kwa mkono.

"Komite yako," akasema, "iko na batu bangapi?"

"Ni wewe tu, mama."

"Mutu moja si komite. Hauna hata aibu ya kuandika kitu ya uongo ivyo? Wewe ni secrétaire. Ikala hapa."

Nilitaka kucheka na kulia, nikashindwa kuchagua. Nikakaa. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Akainama karibu na sikio langu, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane akaniambia habari za mwanawe zisizo na neno Mungu ndani yake: kwamba ni mrefu, kwamba ana kovu la maji ya moto hapa kwenye shavu, kwamba akifika popote huomba maji ya kunywa kabla ya kusalimia, na amempigia kelele kwa tabia hiyo tangu utoto bila kufaulu.

"Mulango usifunge," akasema.

"Siwezi kufunga, mama. Batu wakiuliza?"

"Uwaambie ukweli. Si ndiyo kazi yako?"

Akaingia. Alifika katikati ya chumba akasimama, mgongo umenielekea.

"Na kama anafika, mama? Nikuamushe?"

Nilimwona mabega yake yakishuka kidogo kidogo.

"Usiniamushe," akasema. "Kama ni yeye, umuambie angoje. Mi nilimungojea vya kutosha."

Kitanda kikapokea uzito wake. Kwanza hakukuwa na sauti, baadaye nikasikia anakoroma, kwa nguvu, bila adabu, na kwenye chumba cha nyuma baba akavua viatu. Mwanamke wa nyumba ya tatu alikuja kununua sambaza, akaona kiti, akaona hakuna sinia, akashtuka akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, Mama Victoire analala. Akauliza analala vipi. Nikamwambia asikilize mwenyewe. Akasikiliza, akaketi chini kizingitini kando yangu, beseni kwenye mapaja, na hakuondoka kwa muda mrefu.

Mimi nilitazama barabara. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo ilinisimamisha.